Tumetenga, Tumejenga

Siku yangu ya kwanza katika redio moja ya Homa Bay, Mhariri alinikalisha mezani na kunisikilizisha hotuba ambayo mheshimiwa wetu alikuwa ameitoa Sindo. Umati ulishangilia mpaka maneno yakazama. Mhariri akairudisha nyuma, kisha akairudisha tena.

"Umesikia nini?" akaniuliza.

"Tumejenga wodi ya akina mama kule Mfangano."

"Sikiza vizuri. Amesema tumetenga. Hawa watu wamepigia makofi herufi moja."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu, vijana: kuhakiki madai ya wanasiasa kuhusu bajeti na madeni, kisha kutoa hukumu hewani, kweli au si kweli. Kutenga ni kuandika kwenye makadirio ya bajeti kwamba pesa fulani ni za kazi fulani. Pesa zenyewe huenda hazijafika, na huenda zisifike kamwe. Nilifunua makadirio, nikakuta wodi imo. Jioni nikatangaza: kweli, imetengewa pesa. Nilijiona bingwa.

Siku ya soko nikakutana na Mama Rose, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka kisiwa cha Mfangano, rafiki yangu tangu shuleni. Binti yake Rose alikuwa ameolewa karibuni, na wanawake wengi wa kisiwani walikuwa wakipanda boti kwenda bara kujifungua.

"Nyamera, dada yangu, nimesikia ukisema ni kweli," akasema kwa furaha. "Sasa mlango wake uko upande gani? Nimezunguka kliniki yote, sijauona."

Nikamweleza tofauti ya kutenga na kujenga. Akanikazia macho.

"Iko ama haiko?"

"Iko kwa bajeti."

"Kwa hivyo Rose atazalia kwa bajeti?"

Katikati ya mwaka yakaja makadirio ya nyongeza, yaani bajeti inafunguliwa na kupangwa upya. Pesa za wodi zikahamishwa kulipa wakandarasi walioidai kaunti. Mheshimiwa akasema, tumepunguza madeni. Nikahakiki: kweli. Mwaka uliofuata akasema, tumetenga tena. Kweli. Akaanza kujigamba mikutanoni, "Hata redio imenipitisha!"

Nilimwendea Mhariri nikiwa na hasira. "Kila anachosema ni kweli, na wodi hakuna. Nitangaze nini?"

Akajikuna kichwa. "Tangaza ni kweli, halafu uongeze kwamba wodi hakuna."

Niliongeza. Watu wakashika neno la kwanza tu.

Baadaye nilihamia Migori, chini ya Meneja wa Vipindi, mama mpole asiyependa mabishano. Huko nikapewa deni la taifa. Mwanasiasa mmoja akadai deni limepanda, mwenzake akadai limeshuka. Wa kwanza alihesabu shilingi zenyewe. Wa pili alililinganisha deni na ukubwa wa uchumi, yaani jumla ya kile nchi inachozalisha, na uchumi ulikuwa umekua haraka kuliko deni. Wote wawili nikawapa kweli. Meneja akavua miwani.

"Madam, watu wanapiga simu wanauliza, sasa tumeenda juu ama chini?"

"Yote mawili."

"Basi hata mimi nimepotea," akasema. Sikumwambia kwamba nami nilikuwa nimepotea zamani.

Asubuhi moja Mama Rose akanipigia simu. Rose alikuwa amejifungulia ndani ya boti, kabla ya kufika bara, Mbita. Alipoteza damu nyingi, lakini yeye na mtoto walikuwa hai. "Tumemwita Ayoo," akasema. Ndilo jina tunalompa msichana aliyezaliwa njiani. Nilicheka, nikalia, na sikujua kipi kilitangulia.

Sasa nimestaafu. Ayoo huja kwangu wakati wa likizo na huniita dani, bibi yake. Juzi tulikuwa tukichambua omena, redio inaongea. Alikuwa mheshimiwa yuleyule, na kijana aliyerithi meza yangu ya Homa Bay akatoa hukumu: kweli, wodi imetengewa pesa.

"Dani," Ayoo akauliza, "kwa nini mimi nilizaliwa kwa boti?"

Nikaanza na makadirio. Nikaingia kwenye nyongeza, nikageukia madeni, nikajikuta nimerudi kwenye makadirio. Alinisubiri kwa adabu mpaka nikanyamaza.

"Kwani nani alidanganya?"

"Hakuna, mjukuu wangu," nikamjibu. "Nilihakiki mwenyewe."