Mwalimu wa Madawati Matupu

Ofisa elimu alinihamisha kutoka Arua kwenda Koboko mtoto wangu akiwa bado hajatambaa. Nilimwacha kwa mama, maana nyumba niliyopewa kule ilivuja na sikuwa na mtu wa kumshika nikiwa darasani. "Darasa la saba likipita vizuri, nakurudisha kwa mtoto wako," ofisa aliniambia. "Mwalimu hupimwa kwa mtihani, madamu, si kwa machozi."

Basi nikafundisha. Jamani, nilifundisha! Asubuhi na mapema, jioni, hata siku za soko, wanafunzi wengine wakija kwa miguu kutoka Kuluba, vumbi hadi magotini. Walikuwa na vichwa watoto wale. Mmoja, mrefu, baba yake mkulima wa tumbaku, alimaliza hesabu kabla sijageuka kutoka ubaoni, kisha akawaelekeza wenzake. Huyo ndiye aliyekuwa tegemeo langu.

Wiki chache kabla ya mtihani, lori la jeshi likasimama uwanjani. Miaka ile rais alikuwa mtu wa huku kwetu, na jeshi lake lilitaka sana vijana wetu. Wakawapanga wavulana wakubwa, wakawachagua kwa urefu. Nikasema, "Afande, hawa wana mtihani." Akacheka, akanijibu kwa Kiswahili chao cha kambini. "Mwalimu, mtihani nalipa mshahara?" Wavulana wangu bora wakapanda, yule mrefu wa kwanza, tena wakicheka. Hilo liliniuma kuliko lori lenyewe.

Majina yao yalikuwa yameshapelekwa, na asiyefika alihesabiwa ameanguka. Matokeo yalipotoka tulishika mkia, nami nikaitwa Arua. Nilimweleza ofisa habari ya lori. Alijua, nani hakujua? Akanijibu, "Mwalimu mzuri, wanafunzi wake hawamkimbii." Lo! Nilitamani kummwagia wino usoni. Nikarudi Koboko mikono mitupu, na mtoto wangu akaanza kutembea nisimwone.

Mwaka uliofuata yule mrefu alikuja shuleni na gari la jeshi, miwani myeusi usoni, bastola kiunoni. Mbele yangu akavua kofia.

"Mwalimu, wewe iko bado hapa? Mutoto si iko Arua? Nani nakuzuia?"

Nilimweleza yote. Sikumtuma popote. Lakini haikupita wiki, ofisa akaja mwenyewe Koboko na barua ya uhamisho, akigeuka kila gari lilipopita, akinishukuru kwa kazi yangu nzuri. Kazi nzuri! Mwalimu yuleyule, matokeo yaleyale. Nilitamani kumtemea mate, ila niliichukua barua, kwa sababu nilimtaka mtoto wangu.

Kijana akanipeleka Arua kwa gari lake, godoro langu nyuma. Njiani alivua miwani, na nikaona jinsi alivyokuwa bado mdogo.

"Mwalimu, ile mtihani ilikuwa ngumu?"

"Si sana."

"Hesabu je?"

Nikamtajia maswali niliyoyakumbuka. Aliyajibu moja baada ya jingine, macho barabarani, na hakukosa hata moja. Kisha akaniuliza, kwa sauti ileile ya darasani, kama mwaka huu naweza kumwandikisha afanye.

Nani angemruhusu, na magwanda yale mwilini? Nililia njia nzima. Tulipofika, mama alitoka amembeba mwanangu, akaona machozi, akamshukuru kijana kwa furaha aliyoniletea.