Nyimbo Tisa Zilizopotea Kwenye Flopi

Daftari nilizitupa mwenyewe. Nianze na hilo, maana kwa miaka mingi niliposimulia habari hii niliilaumu mashine.

Zilikuwa daftari tatu za mwalimu wa kwaya wa Dutwa, mchwa wamezila pembeni, zimejaa nyimbo za Kisukuma alizotunga tangu ujana wake. Mimi nilikuwa mpiga chapa wa parokia, Bariadi. Nilizoea stensili, ile karatasi ya nta ya kutolea nakala: ukimaliza kazi unaihifadhi kabatini, mwakani unaitoa. Kisha likaja soko huria, wanunuzi binafsi wa pamba wakafungua ofisi, na mmoja wao alipofungasha virago akaiachia parokia kompyuta. Diski yake ya ndani ilishakufa. Kila nilichoandika kilikaa kwenye flopi, kipande cha plastiki cha kuingia mfuko wa blauzi.

Nilichapa nyimbo zote kwa miezi miwili. Siku niliyomaliza nikazitazama zile daftari chafu, nikazipeleka shimo la taka, zikachomwa. Nilijiona mtu wa kisasa kweli.

Wiki iliyofuata paroko akataka nyimbo zipelekwe kiwanda cha uchapaji Mwanza zikatolewe kitabu. Nikaingiza flopi. Mashine ikasaga kama mtu anayetafuna mchanga, ikaandika kwa Kiingereza kwamba imeshindwa kusoma. Nikaitoa, nikaipuliza, nikairudisha. Ikasaga tena.

"Nakala nyingine iko wapi?" paroko akauliza.

"Ni hiyo tu, Padri."

"Na daftari?"

Nikatazama dirishani, kwenye shimo la taka. Alinitazama, akaelewa, akatoka nje.

Fundi wa Mwanza alihangaika na ile flopi siku nzima. Nilikaa kwenye benchi nikisikiliza mashine yake ikisaga. Jioni alinipa nyimbo ishirini na sita. Tisa zilikuwa zimegeuka alama zisizosomeka.

"Vumbi, joto, au sumaku," alisema. "Siwezi kujua."

Ikabaki kwenda Dutwa kumwambia mwalimu mwenyewe. Njiani nilijipa moyo kwamba ataniimbia, nami nitaandika. Sikujua kwamba mwezi ule kiharusi kilikuwa kimempiga.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimu mke wake kwa Kisukuma, kama mama yangu, nikapiga magoti. Aliniingiza ndani. Mwalimu alikuwa amelala kitandani, mdomo umepinda, sauti hana. Macho tu ndiyo yalikuwa yake. Nikasema yote, hata la shimo la taka. Mama yule alishika kiuno.

"Ulizichoma? Hukuweza hata kuzirudisha?"

"Sikuweza kufikiri, mayu. Nisamehe."

Mwalimu akagonga ubao wa kitanda kwa mkono wa kushoto, mara moja, kwa nguvu. Nilidhani ananifukuza, nikaanza kuinuka. Mke wake akanizuia. "Anataka waimbaji," alisema, akatoka kuwaita.

Walikuja wanawake watatu wa kwaya yake. Niliwatajia mwanzo wa kila wimbo uliopotea, wakaimba, nikaandika kwa kalamu. Wakikosea, mkono unagonga. Wanarudia. Unagonga. Wanabishana kwa Kisukuma, wanajaribu neno jingine, mkono unatulia. Mpaka alasiri tulikuwa na nyimbo nane.

Nilipotaja wa tisa, wanawake walitazamana.

"Huo hatukufundishwa."

Mwalimu aliutunga mwisho kabisa, akauandika, basi. Aliyewahi kuusoma ni mimi peke yangu. Macho ya mwalimu yakanigeukia.

Sina sauti ya kuimba, wala tuni yake sikuijua. Nikayasema maneno yake tu. Ubeti wa kwanza, juu ya mvua iliyochelewa na ng'ombe waliomtazama Mungu, nilifika mwisho bila mkono kugonga. Ubeti wa pili nikaanza. Akagonga. Nikabadili neno. Akagonga. Nikajaribu tena na tena, nikajisikia nabuni, nabandika maneno yangu kwenye wimbo wa mtu. Alifumba macho, chozi likamtoka upande wa mdomo uliopinda.

"Acha, mwanangu," mke wake alisema taratibu. "Usimwongopee."

Kitabu kilitoka kabla ya mavuno. Mwalimu alikishika, mke wake akamfunulia kurasa moja moja. Wimbo wa mwisho una ubeti mmoja, na chini yake nilimwomba mchapaji aache nafasi tupu. Siku hizi simu ya binti yangu inabeba vitabu elfu vya namna ile. Bado namwambia anachokiweka humo akiandike na kwenye karatasi. Hucheka, lakini huandika.