Mama Anapumzika Sakafuni

Mimi ni fundi wa kufunga kamera na vihisi majumbani, na mdomo nilikuwa nao. Mtandao huu mpya wa kasi ulipoingia mjini kwetu, nilitamba kila kona: kamera inaona, kisanduku kinasikia na kusema, akili mnemba inaunganisha yote na kukuletea taarifa kwenye simu kabla hujapepesa jicho. Nyumba ya kwanza niliyoifunga ilikuwa ya mama yangu, anayeishi peke yake. Watu wakanisifu, eti namjali mama. Ukweli ni kwamba nilishachoka kwenda kumwona kila Jumamosi.

Sasa mama, joto likizidi, hujilaza kwenye sakafu ya sebule, ubavu kwenye saruji, raha mustarehe. Kila akijilaza, simu yangu inapiga kelele: "Mama ameanguka!" Niko juu ya ngazi kwa mteja, mafundi wenzangu wanavunjika mbavu. "Haya, bi mkubwa kaanguka tena, kimbia!" Nikapandwa na hasira. Nikaingia kwenye mfumo nikaufundisha: mama akiwa sakafuni, anapumzika. Usinipigie kelele, niletee ujumbe tu. Dakika mbili, kazi kwisha. Kwa mteja nisingethubutu kufanya hivyo.

Jumanne saa nne asubuhi ukaingia ujumbe: "Mama anapumzika sakafuni. Anaongea." Nikaufungua, nikatabasamu, nikarudisha simu mfukoni. Anaongea na nani? Hata sikujiuliza, mpumbavu mimi.

Aliyemkuta ni jirani yake, saa nane mchana, alipokuja kurudisha sufuria. Nyonga imevunjika, midomo imekauka, yuko palepale alipoteleza.

Hospitalini dada yangu alinibana mbele ya kitanda. "Hayo mamashine yako yalikuwa wapi?"

"Mtandao ulikatika," nikajibu, macho makavu. Mimi huyu, niliyekuwa naapa kwamba haukatiki!

Mama akanitazama, kisha akamgeukia dada. "Mwache mdogo wako. Mtandao ukikatika yeye afanyeje?"

Wiki mbili nzima akawaambia hivyohivyo wote waliokuja kumjulia hali. Wanatikisa vichwa, wananipa pole. Pole, mimi! Nilikuwa natoka nje kujifanya napokea simu, kwa aibu.

Siku moja dada alipokwenda kuchukua dawa, nikashindwa kuvumilia. Nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, nilikudanganya. Mtandao haukukatika. Ule ujumbe niliuona."

"Najua," akasema. Alikuwa anahangaika kuvuta shuka miguuni, mkono haufiki. Nikamvutia.

"Unajuaje, mama?"

"Nilikuwa nakuita kwa sauti, majirani wanisikie. Kile kisanduku kikaniambia, mwanao ameshaona. Basi nikaacha kuita, nikakungoja."