Mlevi wa Kwenye Kadi

Hepziba Thewlis hakuwahi kuonja hata funda moja la bia. Aliapa hivyo akiwa binti mdogo, mbele ya kanisa letu lote la Wamethodisti, na kwa uaminifu huo akapewa kuongoza kwaya. Siku za wiki alifuma sufu kiwandani. Jumamosi mchana, kama wengi wetu hapa bondeni, aliigiza katika sinema fupi za Bwana Armitage: alimfukuza mwizi kwa ufagio, kisha akaanguka. Hakuna aliyejua kuanguka kama yeye.

Armitage alichapisha pia postikadi za kuchekesha, za kuuzwa pwani. Bila kuomba ruhusa, alimpa mchoraji wake picha ya Hepziba akianguka. Mchoraji akamtia chupa mkononi, pua nyekundu, na makalio mara tatu ya yale aliyojaliwa na Mungu.

"Zinakwenda Blackpool, huko pwani," Armitage alimwambia. "Nani atamjua huko?"

Na huyu ni mzaliwa wa bonde hili! Alisahau kwamba kila Agosti viwanda vyetu hufungwa pamoja kwa likizo, na mji mzima huhamia Blackpool, nyumba za kupanga zile zile, majirani wale wale.

"Hepzi mwenzangu!" Walter Sykes, mfumaji mwenzake, alipaza sauti ufukweni akipeperusha kadi. "Kumbe kiapo ni cha Jumapili tu! Si ungetubakishia?"

Watu wakaangua kicheko. Mzee wa kanisa hakucheka.

"Dada Thewlis, uongozi wa kwaya uache kwanza."

"Kwa kosa gani, mzee?"

"Watu wanasema."

Watu wanasema! Kwa hilo tu, kiapo cha miaka arobaini kikatupwa.

Waliporudi nyumbani, Jumamosi kamera ikazungushwa, mwizi akakimbia, na Hepziba akaketi katikati ya barabara.

"Anguka, mama, jua linatuacha!" Armitage akapaza sauti.

"Umeshaniangusha, bwana. Kesho njoo kanisani useme chupa ile ni ya nani."

"Ah, ule si utani tu?"

"Tangu lini wewe ukawa mtani wangu?"

"Nitatafuta mwingine."

"Tafuta. Nusu ya sinema hii tayari ina sura yangu."

Jumapili Armitage alikuja kanisani, akanung'unika kwamba chupa ilibuniwa na mchoraji.

"Sauti, bwana! Wa nyuma hawasikii."

Akarudia. Hepziba akarudishiwa kwaya palepale. Mlangoni akamwuliza Armitage, "Na kadi?"

"Zinauzwa sana, mama. Siwezi kuziondoa."

"Basi anguka mwenyewe."

Jumamosi iliyofuata Hepziba hakwenda kuigiza.