Resori Nyekundu ya Mama

Mama alivunjika kifundo cha mkono wa kulia kwa jirani, alipoteleza juu ya rundo la udongo. Jirani alikuwa anachimba chumbani mwake akitafuta kobalti, na udongo aliokuwa akiutoa aliumwaga mlangoni, kama wengi wa mtaani kwetu Kolwezi. Mvua ilikuwa imenyesha. Mama alikuwa amekwenda kuomba makaa ya moto tu.

Siku ya kuondoa plasta nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka Lubumbashi, ninakokaa na kuandika. Nilimsindikiza hospitali. Plasta ilipofunguka, ukatoka mkono nisioujua: mwembamba, umepauka, umekunjamana kama mkono ulioazimwa kwa mtu mwingine. Ule mkono ulikuwa umenibeba, umenipiga, umewasukia dada zangu nywele, umebeba magunia ya unga kutoka sokoni. Sasa mama alipewa kikombe cha maji, kikamponyoka. Alikitazama pale chini, kisha akauliza swali ambalo wauguzi hawakulielewa.

“Sasa bukari ya arusi itapikwa na nani?”

Mimi nilielewa. Mdogo wangu wa kike alikuwa anaolewa baada ya Pasaka. Katika ukoo wetu, sufuria kubwa ya kwanza ya bukari, yaani ugali, ile watakayokula wakwe, husongwa na mama wa bibi arusi kwa mikono yake mwenyewe. Bibi yangu alimsongea mama hivyo hivyo. Na wakwe wenyewe walikuwa wanatoka Kasaji, wakulima wa mahindi, watu ambao huwezi kuwadanganya kwa bukari yenye madonge.

Dada mkubwa wa mama, yule tunayemwita mama mkubwa, hakuona shida yoyote. Yeye hupika kila siku kwa ajili ya wachimbaji, kwenye kibanda chake karibu na machimbo.

“Mi niko,” alisema. “Mukono yangu iko muzima. Weye utakaa pa kiti, utavaa kitambaa muzuri, utacheka na bakwe.”

“Nicheke na bakwe, weye upike?” mama alimjibu. “Batasema uyu mutoto hana mama.”

Fundi wa viungo hospitalini, ambaye kila mtu anamwita kine, alikuwa kijana mpole mwenye vidole virefu. Alifungua droo, akatoa kitu kidogo: vishikio viwili vya plastiki nyekundu, vimeungwa juu kwa springi, na pembeni kuna kifungo cha kuzungusha ili springi iwe laini au ngumu. Alimwonyesha mama namna ya kukitumia. Unaweka kiwiko mezani. Unafinya polepole. Unashika kidogo. Unaachia polepole zaidi ya ulivyofinya. Unapumzika.

Kwetu springi ni resori, kama resori za magari. Basi kile kitu kikapata jina siku hiyo hiyo: resori ya mama.

Jaribio la kwanza sitalisahau. Kifungo kilikuwa kwenye ulaini wa mwisho, na vishikio havikusogea hata kidogo. Mishipa ya shingo ilimsimama, midomo ikamkauka, lakini vidole vilikaa tu juu ya plastiki kama wageni waliokataa kuingia ndani. Nilitaka kumwambia aache. Yeye alipumua, akasema, “Tena.” Vishikio vikasogea upana wa punje ya mchele. Nimewahi kuona watu wakipigiwa makofi kwa mambo madogo kuliko hilo.

Tangu hapo nyumba yetu ilipata mlio mpya. Kri, kri. Asubuhi baada ya sala, kri. Mama akichambua maharagwe kwa mkono wa kushoto, wa kulia, kri. Malori ya shaba, tunayoyaita kamyo, yakipita barabarani na kutikisa madirisha, mimi niliusikia mlio ule chini ya ngurumo zao. Kanisani aliuficha chini ya kitenge, mpaka mama mmoja wa kwaya akageuka wakati wa mahubiri kutafuta panya.

Tata, yaani baba yangu, ni fundi mstaafu wa karakana ya mgodi. Mlio ule ulimuumiza moyo. Kwake chuma kinacholia ni chuma kinachonyanyaswa. Siku moja mama alipokuwa amelala mchana, tata alikichukua kile kifaa akakipaka grisi kwa mapenzi yote, springi, kifungo, mpaka vishikio. Mama alipoamka akafinya, resori iliruka kama samaki, ikagonga beseni, ikaishia kwenye mboga za matembele.

“Nani alifanya hii?”

“Resori bila grisi inakufa,” tata alisema, bila kuinua macho.

“Tata, hii si kamyo! Hii ni dawa!”

Mama aliiosha kwa majivu, kama anavyoosha masufuria, na mlio ukarudi. Tata alitoka nje, akasimama uani na mikono nyuma.

Nilijaribu na mimi. Mama alikuwa tayari ameongeza ugumu mara kadhaa. Nilifinya, vishikio vikakaribiana, lakini havikugusana.

“Leta hapa,” mama alisema. “Weye umezoea kufinya kalamu tu.” Akavigusanisha vishikio vile mbele ya uso wangu, akaviachia polepole, akaniangalia kama mtoto aliyeshinda mchezo. Mkono ule ulikuwa unarudi. Nyama ya chini ya kidole gumba ilikuwa imeanza kuvimba tena kama mkate. Aliweza kukamua nguo. Aliweza kufungua chupa. Mimi niliyemkuta mwenye nguvu tangu nizaliwe, nilidhani nguvu ni kitu alichokuwa nacho tu, kama urefu wake. Sikuwahi kufikiri kwamba nguvu inatengenezwa, upana wa punje ya mchele kwa wakati mmoja.

Kisha akakosea. Wiki ya arusi aliona bado haitoshi, akakaza kifungo mpaka mwisho, akafinya siku nzima bila kupumzika. Alhamisi kifundo kilikuwa kimevimba, kina moto. Nilimpeleka kwa kine mbio kwa pikipiki.

“Mama, uliskia nilisema nini juu ya kupumzika?”

“Niliskia. Lakini bakwe banakuya Jumamosi.”

“Basi mpaka Jumamosi, usiguse. Hata mara moja.”

Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko springi yoyote. Tata aliificha resori. Mama aliitafuta ndani ya mitungi, chini ya godoro, ndani ya viatu vya tata. Alipochoka kutafuta aliketi, mkono umelala mapajani juu ya kitambaa cha maji baridi. Kwa mara ya kwanza tangu plasta itolewe nilimwona anaogopa. Hakuna aliyejua mkono ule ungefanya nini, hata yeye.

Jumamosi moto uliwashwa uani mapema. Wakwe walikuwa wamekwishafika, wameketi sebuleni wakinywa soda, mlango wa uani ukiwa wazi. Maji yalichemka, mama akatia unga, uji ukaanza kutokota. Mama mkubwa alikanyaga vijiti viwili vya kushikilia sufuria isizunguke. Mama akaongeza unga, akaushika mwiko, ule mrefu kama kasia, akaanza kusonga.

Mwanzoni ilikuwa nyepesi. Wanawake waliimba. Kisha bukari ikaanza kukaza, na bukari ikikaza hairuhusu mtu kusimama, maana ukisimama madonge yanakuwahi. Niliona mwiko ukitetemeka. Niliona kifundo kikipinda upande usiotakiwa. Sauti za waimbaji zilipungua moja moja. Mama mkubwa aliona pia, akanyoosha mkono wake mnene, na nikadhani basi, anachukua mwiko.

Hakuuchukua. Aliinama kwenye gunia la unga, akafungua utepe wa mpira wa tairi uliokuwa umelifunga, akamzungushia mama kwenye kifundo, mara tatu, kwa nguvu, akachomeka ncha chini. Ndivyo wachimbaji anaowapikia wanavyojifunga kabla ya kupiga mwamba.

“Piga sasa,” alisema. “Piga, mudogo wangu!”

Mama akapiga. Alivuta bukari kutoka ukingoni, akaikandamiza, akaigeuza, akaivuta tena, jasho likidondoka kidevuni, na wanawake wakashika wimbo palepale walipouacha. Sijawahi kuona kitu kizuri kama mgongo wake ule. Bukari iligeuka ikawa nyororo, ikang'aa, ikaacha kushika sufuria. Alipomaliza, vidole havikutaka kuuachia mwiko. Mama mkubwa alivifungua, kimoja baada ya kingine, huku wote wawili wakicheka na kulia.

Mezani mama aliketi karibu na mama wa bwana arusi, mwanamke mrefu wa Kasaji mwenye mikono ya jembe. Watu walinawa, wakaomba, wakaanza kula. Mama alikata kipande cha bukari, kikamponyoka. Alijaribu tena. Vidole vilikuwa vimekwisha nguvu, na kwa mkono wa kushoto mtu hali mbele ya wakwe.

Yule mwanamke alikuwa anatafuna polepole, macho kwenye ule mpira mweusi uliobaki kwenye kifundo. Alikata kipande, akakifinyanga viganjani mpaka kikawa mviringo, akakibonyeza kwa kidole gumba, akachota mboga, akamwekea mama katikati ya kiganja.

“Kula, mukwe,” alisema. “Sisi tuliisha kuona kazi ya mukono yako.”