Binti wa Kinyozi na Usingizi wa Mashine

Umewahi kunyolewa na mtu aliyelala? Mwalimu mkuu wa shule ya jirani ameshayaona hayo. Alikaa kwa kinyozi na nywele zake za heshima, akainuka na njia ya panya juu ya sikio. Kinyozi alikuwa amesinzia wima, mashine mkononi ikiendelea na safari yake. Mwenye duka akamvuta pembeni.

"Ukisinzia tena, hata kesho, kiti nampa mwingine. Hapa si bweni!"

Kosa halikuwa la mashine. Binti wa kinyozi alipokuwa mchanga, tumbo likimsokota, baba aliwasha mashine ya kunyolea karibu na mto. Mtoto akanyamaza papo hapo. Baba akajiona mganga! Sasa binti ana miaka mitatu na maneno kama wakili, na hafumbi jicho mpaka mashine ingurume sikioni. Akigutuka usiku, anaitaka tena, na mshika mashine ni baba. Mkewe alisema mpaka mate yakamkauka: "Unamfundisha mtoto kulala au kunyolewa?"

Jioni ya onyo lile, kinyozi aliifungia mashine kabatini dukani, ufunguo akamwachia mwenye duka, maana alijijua. Nyumbani mkewe alishapanga utaratibu: kula mapema, kuoga, hadithi moja, taa izimwe.

"Vrrr iko wapi?" binti akauliza.

"Imelala dukani," mama akajibu.

"Nani kailaza?"

"Imelala yenyewe."

"Baba, kailete!"

"Duka limefungwa, mama," baba akambembeleza bintiye.

"Lifungue!"

Kilio kilichofuata kingeamsha mawe. Jirani akagonga ukuta. Mama hakutikisika, alikaa kando ya kitanda, mkono mgongoni mwa mtoto, akirudia kwa upole, "Nipo hapa. Lala." Polepole kilio kikaanza kuishiwa pumzi. Na hapo hapo kinyozi, huruma zikiwa zimemzidi akili, akachungulia mlangoni na kunguruma kwa mdomo: "Vrrrrr!"

Binti akakaa kitako, macho makavu. "Tena!"

Mke akageuka taratibu. "Toka."

"Nilikuwa nasaidia..."

"Toka, mashine wewe! Tulikuwa tumeshafika, umeturudisha tulikotoka. Kiti kikienda, utamnyoa nani? Mimi?"

Akaenda kukaa uani juu ya ndoo iliyofudikizwa, akimkasirikia mtoto, akimkasirikia mke, na zaidi akimkasirikia yule mganga wa miaka mitatu iliyopita. Ndani kilio kilianza upya, kikapanda, kikashuka, kikabaki kwikwi. Kisha kimya. Akaogopa hata kukohoa.

Asubuhi aliamka kichwa chepesi, shingo imenyooka, akashangaa kwamba hakuna aliyemwita usiku kucha. Sebuleni alimkuta binti amemlaza mwanasesere wake kochini, kitana kikiwa sikioni mwa mwanasesere huyo.

"Vrrr," binti alisema. Kisha akakificha kitana nyuma ya mgongo. "Basi. Imelala dukani. Nipo hapa. Lala."

Akampapasa mgongoni. Mwanasesere hakubisha. Ndipo binti alipomwona baba yake mlangoni, viatu mkononi, mdomo wazi. Akaweka kidole midomoni, akakunja uso sawasawa na mama yake.

"Shhh! Toka, mashine wewe."

Kinyozi akatoka kwa ncha za vidole, akavalia viatu nje, akakimbilia kiti chake.