Masizi ya Jirani

Mama yangu aliipaka nyumba yake rangi ili isibomolewe. Hivyo ndivyo ninavyoliona jambo hili, na huenda sioni sawa, maana shule niliishia darasa la nane na mambo ya majengo siyajui.

Mtaa wetu wa Jericho umeingia kwenye mpango wa maghorofa. Tukaambiwa nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, zitabomolewa zote isipokuwa moja, itakayobaki kama kumbukumbu ili watu waje waone tulivyoishi. Anayekaa humo ataachwa humo aitunze. Mama aliletwa katika nyumba yake akiwa bibi arusi, akatuzalia palepale. Akasema hiyo moja ni yake, na kwamba atatoka akiwa amebebwa.

Sasa kwetu, mgeni wa maana akija, nyumba hupakwa rangi. Wakwe walipokuja kumposa dada yangu, hata mawe ya njiani yalipakwa chokaa. Kwa hiyo Mama aliposikia wanakuja watu wa kuichagua hiyo nyumba moja, alituita watoto wote. Madirisha ya chuma tukayang'oa na kuyatupa nje, tukaweka ya alumini. Ile sakafu nyekundu tuliyoisugua kwa magoti utoto wetu wote ikafunikwa kwa taili. Ukutani, rangi ya maziwa. Kusema haki, nyumba ilipendeza.

Jirani tuliyepakana naye ukuta hakugusa kitu. Ni mgane, mstaafu, na hata mswaki wake huonekana umechoka.

"Utatuaibisha," Mama akamwambia kupitia juu ya ua. "Angalau osha hayo masizi ya jikoni."

"Masizi ni ya marehemu, Mama. Mimi sijapika tangu aende."

"Basi yaoshe kwa heshima yake."

"Nitamuuliza."

Wageni wakaja, mwanamke mmoja na wapiga picha wawili. Mama akawapa chai na mandazi. Yule mwanamke akatazama juu, akatazama chini.

"Mama, vitu vya zamani viko wapi?"

"Tumetoa vyote," Mama akasema kwa fahari. "Hamtaona hata ufa."

Wakanywa chai hadi mwisho. Walikuwa watu wa adabu, siwezi kuwasingizia. Kisha wakaingia kwa jirani, wakamkuta na fulana yake, wakayapiga masizi picha kila upande kama bibi arusi.

Wakachagua kwake. Ni haki niandike kwamba jirani aliwaambia Mama ndiye mkongwe pale kumliko yeye. Wakamjibu kwamba wanachagua nyumba, si mtu.

"Wamesema nisibadilishe kitu," akatuambia. "Kazi hiyo nimeifanyia mazoezi maisha yangu yote."

Mama hakucheka.

Jumapili nilipotoka kanisani nilimkuta amepiga magoti sebuleni na patasi, anabandua taili. Kipande cha sakafu nyekundu kilikuwa kimeanza kuonekana, kimejaa simiti.

"Wanaweza kurudi," akasema.

Nilitaka kumwambia hawatarudi. Lakini mimi ni nani wa kujua? Nikamuuliza yale madirisha ya chuma yako wapi.

Akanyoosha patasi kuelekea kwa jirani. Jirani alikuwa ameyaokota, ameyaegemeza mbele ya kuku wake kuwa banda.

"Nenda ukamwombe," Mama akasema. "Na umwite Mzee. Usimwite lile jina la utani tunalomwita humu ndani."